Kufundisha Riwaya ya Kitawasifu: Mtoto Anapokutana na Waliomzaa

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida halipewi nafasi kubwa katika vyuo vyetu vya ualimu, yaani uandishi wa riwaya inayotokana na maisha ya mwandishi mwenyewe; na hasa riwaya ya mtu aliyelelewa na wasiokuwa wazazi wake, ambaye baadaye anakutana na jamaa waliomzaa. Huenda mwanachuo akauliza: mwalimu wa shule ya msingi ana haja gani na riwaya, ilhali kazi yake ni kufundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu? Jibu letu limo katika kosa tulilolifanya sisi wenyewe huko Gungu wakati wa mazoezi ya kufundisha, na itafaa tuanze na kosa hilo kabla ya kuingia katika kanuni.

Gungu ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Wamo humo wenyeji wa Buha, wamo wenye asili ya Manyema na Ubembe ng'ambo ya ziwa, wamo wenye asili ya Burundi, na wamo watumishi walioletwa na kazi kutoka mikoa ya mbali wakaoa na kubaki. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Bagamoyo, na wengi waliopita hapo walipita shingoni mna kamba, wala hawakurudi kwao. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakimbizi wa Burundi walivuka mpaka kwa wingi mwaka 1972 na tena mwaka 1993, na mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta wengine, ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu. Mahali pa namna hii, mtoto kulelewa na asiyemzaa si jambo la ajabu hata kidogo. Mwalimu anayeingia darasani Gungu na kudhani kwamba kila mtoto aliye mbele yake amelala usiku chini ya paa la baba na mama waliomzaa, anadhani vibaya.

Nasi tulidhani hivyo. Mwalimu-mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii, aliandaa somo la insha kwa darasa la sita. Kichwa cha insha kilikuwa "Wazazi wangu na mahali nilipozaliwa". Andalio lake la somo tulilipitia, tukaliona safi, tukatia saini. Watoto waliandika. Binti mmoja aliandika kwamba majirani husema mama anayeishi naye siye aliyemzaa, kwamba aliyemzaa alivuka ziwa, na kwamba yeye angependa kuuona uso wake japo mara moja ili ajue kama pua yake ameitoa huko. Ilikuwa insha nzuri kuliko zote. Mwalimu wetu, kwa furaha ya kupata kazi nzuri, alisimama mbele ya darasa akaisoma kwa sauti kuwa mfano wa kuigwa.

Kabla jua halijatua habari ilikuwa imefika sokoni. Siku tatu binti hakuja shuleni. Siku ya nne tulikwenda nyumbani kwao, mkufunzi na mwalimu-mwanafunzi pamoja.

"Hodi, hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, walimu wangu. Karibuni, karibuni ndani."

Mama yule, mchuuzi wa dagaa, alitutandikia mkeka, akatuletea maji ya kunywa, akatuuliza habari za chuo na za nyumbani. Hakutulaumu. Tulipoomba radhi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Walimu, jambo hilo mimi nilikuwa nimemwekea mpaka amalize darasa la saba. Sikujua kwamba ameshalisikia. Nilikuwa bado nayatafuta maneno. Ninyi mmeyapata kabla yangu."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza kosa lilikuwa wapi. Wengine miongoni mwetu walisema kosa ni kusoma kazi ya mtoto hadharani bila ruhusa yake, na hilo ni kweli, hatulisomi tena. Lakini tuliona kwamba kosa lilianza mapema zaidi, katika kichwa cha insha chenyewe. Tulimtaka mtoto aseme kweli kuhusu nyumba ya watu wazima, kwa jina lake, katika daftari litakalopita mikononi mwa wengi, wala hatukumpa pazia lolote la kujisitiri. Riwaya ina pazia hilo. Ndiyo maana tunasema kwamba mwalimu wa shule ya msingi anahitaji kuijua.

Kabla ya kuendelea, na tutenganishe istilahi. Tawasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe, naye anamwahidi msomaji kwamba hayo ndiyo yaliyotokea. Maisha Yangu ya Shaaban Robert ni ya namna hiyo. Riwaya ni masimulizi marefu ya kubuni. Riwaya ya kitawasifu inasimama katikati: mwandishi anachukua maisha yake, anabadili majina, anaunganisha watu wawili kuwa mmoja, anahamisha tukio kutoka mwaka huu hadi mwaka ule, na anaongeza yale asiyoyajua lakini anayoyahitaji ili kisa kisimame. Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 2013, kinamfaa mwanachuo anayetaka kuona namna safari ya ujana wa mwandishi mwenyewe inavyoweza kusimuliwa kwa mwendo wa riwaya. Tunawashauri wanachuo wasipoteze muda kubishania ni wapi hasa mpaka ulipo. Jambo la kujua ni ahadi gani mwandishi amempa msomaji, na kama ameitimiza.

Sasa tuje kwenye mifano, nasi tutakaa zaidi kwa huyu wa kwanza kwa sababu ni wa kwetu.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza. Hakurudi kuwaona wazazi wake mpaka mwaka 1984. Mwandishi mwingine angerudi Uingereza na kuandika kitabu kuhusu kurudi huko: uwanja wa ndege, machozi ya mama, nyumba iliyokuwa kubwa na sasa imekuwa ndogo. Gurnah hakuanza hapo. Ameeleza kwamba katika ziara ile alimtazama baba yake, aliyekwisha kuwa mzee, akienda msikitini, ndipo alipowaza kwamba mzee huyu alikuwa mtoto mdogo wakati utawala wa kikoloni ulipokuwa ukianza. Akajiuliza dunia ile ilionekanaje machoni pa mtoto. Kutokana na swali hilo ilizaliwa Paradise, iliyochapishwa mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ndani yake yumo Yusuf, mvulana wa miaka kama 12, anayetolewa kwa wazazi wake na kukabidhiwa tajiri kwa ajili ya deni la baba. Mtoto amezoea kumwita tajiri huyo kama jamaa yake. Inambidi ajifunze kwa uchungu kwamba si jamaa. Baadaye anafuatana na msafara wa biashara kuingia bara mpaka kuvuka ziwa kubwa.

Mwanachuo wa Kigoma hana haja ya kuelezwa maana ya msafara unaofika ziwani. Lakini na aangalie jambo la ufundi. Mwandishi alikutana na baba yake, na katika kukutana huko hakumuuliza baba maswali juu ya yeye mwenyewe. Alimwona baba kuwa mtoto. Anayeandika riwaya ya kukutana na waliomzaa, akijali tu maumivu yake mwenyewe, atatoa kurasa 10 nzuri kisha wino utakauka. Akiweza kumwona mama aliyemwacha akiwa msichana wa miaka 17, mwenye nauli ya kwenda tu na asiyekuwa na ya kurudi, ameshapata riwaya.

Mfano wa pili unatoka Uskoti. Jackie Kay alizaliwa Edinburgh mwaka 1961, mama yake akiwa Mskoti na baba yake Mnaijeria, akaasiliwa na mume na mke wa Glasgow. Mwaka 1991 alitoa mkusanyo wa mashairi uitwao The Adoption Papers, ambamo sauti tatu zinapokezana: ya mama mzazi, ya mama mlezi, na ya mtoto, kila sauti ikipigwa chapa kwa herufi za umbo lake. Baadaye, mwaka 2010, aliandika Red Dust Road, kitabu cha nathari kinachoeleza safari ya kuwatafuta wazazi wake. Baba yake alikutana naye mwaka 2003 katika hoteli mjini Abuja, na sehemu kubwa ya mkutano huo mzee aliitumia kumwombea na kumhubiria. Wala hakutaka binti huyo ajulikane kwa watu wake. Tunawasomea wanachuo habari hii kwa makusudi. Karibu kila mmoja wao, tunapompa zoezi la kuandika mandhari ya kukutana, huandika kwamba wahusika walikumbatiana wakalia. Wanadamu hawakutani hivyo mara nyingi.

Mwandishi wa tatu tumtaje kwa haraka. Jeanette Winterson, Mwingereza aliyeasiliwa, alitoa riwaya ya kitawasifu Oranges Are Not the Only Fruit mwaka 1985, na mhusika mkuu akampa jina lake mwenyewe, Jeanette. Tawasifu yake, ambamo anaeleza namna alivyomtafuta mama aliyemzaa, ilitoka mwaka 2011. Riwaya ilitangulia kwa miaka 26. Pazia hubidi litangulie.

Hata hivyo, hatutaki wanachuo waige vitabu vya Ulaya kichwa kichwa. Katika riwaya nyingi za huko, mhusika anagundua kwamba aliyemwita mama "si mama", na hapo ndipo kisa kinapopasuka: ameishi ndani ya uwongo. Peleka kisa hicho Gungu, kitachechemea. Mtoto aliyelelewa na dada wa mama yake anamwita mama mkubwa au mama mdogo, na mama huyo ni mama kwa haki ya lugha na ya ukoo. Hakuna uwongo hapo. Aliyelelewa na kaka wa baba yake ana baba. Tena tusichanganye kulea na kuasili: kuasili ni jambo la mahakama, nalo limepangiwa utaratibu katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kulea kunakofanyika katika nyumba zetu kwa kawaida hakuna karatasi hata moja. Basi mwandishi wa kwetu ajiulize kinachogombewa ni nini hasa. Mara nyingi ni mambo ya kawaida kabisa: jina lipi liandikwe katika cheti cha kuzaliwa, nani apokee mahari ya binti, mtu akifa azikwe na akina nani. Tunaamini kwamba mandhari ya baba mzazi na baba mlezi wakikaa mkeka mmoja siku ya kupokea posa, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kusema, yana uzito kuliko kurasa 20 za kilio.

Lugha nayo ina kazi yake. Tuliwapa wanachuo zoezi hili: kijana aliyelelewa Dar es Salaam anashuka katika stesheni ya Kigoma, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200, anafika Gungu, na bibi aliyemzaa mama yake anatoka uani akimpigia makofi taratibu na kumwambia, "Mwakeye!" Kijana hajui Kiha. Andika dakika tano zinazofuata. Kazi bora tuliyoipata haikuwa na neno lolote kuhusu moyo au machozi. Kijana alijibu "Shikamoo, bibi", bibi akarudia "Mwakeye" kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo ni masikio. Mjukuu mwingine akatumwa dukani kuleta soda. Na kijana akaona kwamba yeye amepewa kiti wakati jamaa wote wamekaa chini. Kiti hicho kilieleza yote. Mgeni ndiye anayepewa kiti.

Jambo jingine ni miaka. Riwaya ni ya kubuni, lakini mwaka haubuniwi. Mwanachuo mmoja alimsafirisha babu wa mhusika wake kwa meli ya Liemba mwaka 1920. Tulimrudishia kazi. Meli hiyo, iliyoundwa Ujerumani na kuletwa vipande vipande, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikaanza tena kazi mwaka 1927. Mwaka 1920 babu yule angekuwa anasafiri chini ya maji. Darasa lilicheka, naye akacheka. Lakini alipokwenda kuuliza wazee wa Ujiji watu walivukaje ziwa miaka hiyo, alirudi na habari za mitumbwi na makasia ambazo ziliinua sura nzima. Vivyo hivyo anayeandika juu ya watu waliopotezana katika vita vya Maziwa Makuu ajue walitafutanaje: kwa barua za wazi za Msalaba Mwekundu, ambazo huruhusu habari za kifamilia tu, na kwa redio, kwani mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango kwa Kirundi na Kinyarwanda, jina lenye maana ya kitu kinachounganisha familia. Mtu kusikia jina lake likitajwa redioni, tena kwa matamshi ya kijijini kwao, ni mlango wa riwaya ambao haujatumiwa vya kutosha.

Tumefika kwenye darasa lenyewe. Hatudai kwamba mtoto wa darasa la sita aandike riwaya. Ataandika sura moja, ya kurasa mbili au tatu. Anayepaswa kwanza kuandika sura ndefu ni mwalimu. Chuoni kwetu kila mwanachuo sasa anaandika sura moja inayotokana na jambo la ukoo wake, na anaiweka mwenyewe. Mkufunzi haisomi asipopewa. Wapo waliolalamika kwamba kazi isiyosahihishwa haina maana. Tuliwajibu kwamba lengo ni wajue uzito wa kitu watakachowaomba watoto. Mmoja alituambia baadaye kwamba alikaa mbele ya karatasi usiku mzima, akaandika jina la baba yake tu.

Kwa watoto, kichwa cha "Wazazi wangu" tumekiacha. Badala yake mwalimu anaandika ubaoni: "Mtoto mmoja anasafiri kwenda kwa watu ambao hajawahi kuwaona." Hakuna "mimi", hakuna "mama yangu". Anayetaka kuandika safari ya kumtembelea shangazi huko Uvinza ataandika, na anayetaka kuandika jambo zito ataliandika bila mtu kujua kwamba ni lake. Kabla ya kuandika, mwalimu anazungumza na darasa kuhusu mambo yanayoonekana: mtoto amebeba nini, amevaa nini, amepanda chombo gani, harufu ya kwanza anayokutana nayo ni ya mawese au ya migebuka inayokaushwa. Tumeona kwamba ukiwauliza watoto mhusika anaona nini, wanaandika. Ukiwauliza anajisikiaje, wanaandika "alifurahi sana" na kuweka kalamu chini. Daftari hilo halibandikwi ukutani, halisomwi mbele ya darasa, na wala mwalimu hamwulizi mtoto, hata kwa upole, kama kisa ni cha kweli. Akitaka kusema atasema. Akisema jambo linalohitaji msaada, mwalimu ampeleke kwa mwalimu mkuu au kwa ofisa wa ustawi wa jamii, asijifanye mganga.

Msomaji makini atauliza kama sisi wenyewe, kwa kusimulia habari za binti yule katika kurasa hizi, hatujarudia kosa lile lile. Tulimsomea mama mlezi makala haya kabla ya kuyatoa, na binti akiwapo. Mambo kadhaa tumeyabadili ili asitambulikane, na mawili kati ya hayo aliyachagua yeye. Mama aliomba tuondoe sentensi moja. Tumeiondoa.

Katika somo jipya binti aliandika kurasa tatu. Mtoto katika kisa chake ni mvulana, naye yumo garini moshi akija Kigoma. Treni inasimama Uvinza. Mvulana anashuka kununua chumvi ya kumpelekea mama anayemngoja Gungu. Hakuandika ni mama yupi. Kisa kinakoma hapo, mvulana akiwa bado amesimama stesheni na mfuko wa chumvi mkononi. Mwalimu-mwanafunzi, yule yule wa kwanza, alituletea daftari akatuuliza atoe alama ngapi, maana kazi haijakamilika. Tulimwambia asahihishe tahajia kwa penseli, asiweke alama, na amrudishie mwenyewe mkononi, wenzake wakiwa wameshatoka.